Kidhibiti cha feni cha kujitengenezea: kimya cha shilingi 2,480

Kila mtu hula kwa mdomo, lakini mimi hata pesa ya chakula naitafuta kwa huo huo mdomo. Nasoma matangazo ya redio, masomo ya watoto, hadithi za kusikiliza, na yale maneno ya "kwa Kiswahili bonyeza mbili" yanayokukera ukipiga simu kuuliza pesa zako zimeenda wapi. Studio yangu ni kona ya chumba huku Zimmerman, Nairobi: blanketi mbili kwenye kamba, maiki katikati, kompyuta chini ya meza. Mchana hapafai. Kuna matatu, kuna fundi wa kuchomelea mageti hapo chini, kuna maombi ya Jumatano. Narekodi kuanzia saa tano usiku mtaa ukishalala, na ni katika kimya hicho nilipogundua kwamba mwenye kelele kwenye ploti nzima ni mimi.

Mteja wangu wa Mombasa ndiye aliyenifungua macho. Alirudisha sura tatu za hadithi na ujumbe mfupi: "Dada, sauti yako safi kabisa, lakini kuna mtu anapumua nyuma yako."

Nilivaa vipokea sauti nikasikiliza. Kweli, mtu anapumua. Anavuta pumzi, anashusha, anatulia, kisha anavuta tena. Ilikuwa feni ya kompyuta.

Niliandika mambo haya kwa sababu nilipokuwa nikitafuta msaada nilikutana na watu wa aina mbili tu: wanaosema nunua kompyuta mpya, na wanaosema zoea. Mimi nimejaribu vidhibiti viwili vya kutengeneza kwa mkono, cha kwanza cha kuzungusha na cha pili chenye akili kidogo, na nitasema nilichokiona kwa kila kimoja pamoja na vitu nilivyonunua. Sikusomea umeme. Mtoto wa kaka yangu yuko mwaka wa pili chuo cha ufundi, na yeye ndiye aliyenifundisha kulehemu juu ya meza yangu ya kulia. Meza bado ina alama.

Kompyuta yenyewe ni mnara wa ofisini uliotumika ng'ambo, ukaletwa kwa kontena, nikauchukua mjini kwa shilingi 17,000. Prosesa, yaani ubongo wake, ni Core i5 ya miaka kumi na kitu iliyopita. Ndani kuna feni moja ya milimita 120 inayopuliza bamba la prosesa, kile chuma chenye mbavu kinachoitoa joto, na nyingine ndogo iliyofungiwa ndani ya pawa saplai, kisanduku kinachoigawia mashine umeme. Mpangilio wa feni kwenye BIOS, ile programu ya bodi inayoamka kabla ya kompyuta yenyewe, ni mmoja tu, nao ni wa kuongeza kasi. Kupunguza hakupo. Nikajaribu programu mbili za bure za kudhibiti feni, na hakuna hata moja iliyoiona. Kwa hiyo njia ya bure ikafungwa jioni moja.

Kabla sijafika kwenye vidhibiti, lazima niseme ukweli utakaoniharibia hadithi: sehemu kubwa ya joto niliitoa bila kutengeneza chochote. Nilimpelekea fundi wa simu wa hapa chini ile mashine, akaipuliza kwa blowa kwa shilingi mia. Vumbi lililotoka lingejaza kikombe. (Zuia mabawa ya feni kwa kidole wakati wa kupuliza. Yakizungushwa kwa nguvu ile beringi inaumia.) Kisha nikafungua bamba na kukuta pesti ya prosesa imekauka kama ukoko wa ugali wa jana. Pesti mpya ni shilingi 200, punje moja ukubwa wa harage dogo inatosha. Prosesa ikiwa imetulia ilishuka kutoka nyuzi 58 hadi 47, na ikibanwa kazi ilishuka kutoka 91 hadi 78. Kama unasoma haya na hujasafisha yako tangu uinunue, acha kusoma, kasafishe.

Lakini pumzi iliendelea. Ilikuwa imepoa tu, ikawa pumzi ya mtu aliyekaa badala ya aliyekimbia.

Hapa inabidi nieleze kinachoniuma mimi hasa, kwa sababu kinaweza kuwa tofauti na kinachokuuma wewe. Kelele isiyobadilika hainitishi. Kwenye Audacity, programu ninayohariria sauti, unaionyesha programu sekunde mbili za kelele tupu, inashika umbo lake, kisha inaipunguza rekodi nzima na msikilizaji hajui kitu. Tatizo ni kelele inayohama. Feni ikiwa kwenye mizunguko 900 kwa dakika ina sauti yake, ikipanda 1,500 ina nyingine, na ile sekunde mbili uliyoionyesha programu haifanani na yoyote kati ya hizo. Ukilazimisha, sauti yako mwenyewe inaanza kutoka kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Na hata bila maiki, sikio huzoea mvumo mmoja likausahau, kama unavyoisahau friji. Kisichozoeleka ni kuinuka na kushuka. Kwa hiyo nilikuwa nataka feni tulivu kuliko nilivyotaka feni bubu, na sikulijua hilo mpaka nimeshatumia pesa kwenye kifaa cha kwanza.

Basi nikapanda matatu kwenda mjini. Kununua kimya Luthuli Avenue ni kichekesho kimoja kizuri sana cha Nairobi. Tangu barabara ile itengenezwe mwaka 2019, magari yakapewa upande mmoja na watembea kwa miguu wakapanuliwa njia, unatembea vizuri, lakini maduka ya spika bado yanashindana nani atakuziba masikio kwanza. Nilimuuliza muuza vipuri kwa kupiga kelele, naye akanijibu kwa kupiga kelele, kuhusu kifaa cha kupunguza kelele.

"Nataka potenshomita, ya kupunguza kasi ya feni."

"Sema voliumu, dada. Voliumu ya K ngapi?"

Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameniandikia kwenye karatasi: 5K, yaani kilo-omu tano. Voliumu ni shilingi 50. LM317, kile kijidude cheusi chenye miguu mitatu kinachopunguza volti, ni 60. Kapasita mbili, rezista moja, kipande cha bodi ya matundu na kitasa cha redio ya zamani, vyote havikufika 300. Yule muuzaji alitaka kunipa na taa ndogo ya bluu "ipendeze". Nilikataa. Chumba changu kina mwanga wa kutosha wa vitu vinavyowaka bila sababu.

Wazo la kifaa hiki ni rahisi. Feni imetengenezwa kwa volti 12, na ukiipa 7 inazunguka polepole. Uzuri wake ni kwamba kasi na kelele haviendi sambamba: ukipunguza mizunguko kwa nusu, upepo nao unapungua nusu, lakini kelele inashuka kama desibeli 15, na sikio la binadamu huhesabu desibeli 10 kuwa karibu nusu ya sauti. Unatoa upepo kidogo unapata kimya kingi. Wako wanaofanya hivyo bila kununua kitu, kwa kuunga feni katikati ya waya wa njano wa volti 12 na mwekundu wa volti 5, tofauti ikabaki 7. Inafanya kazi. Mimi siipendi kwa sababu umeme wa feni unarudishwa kwenye njia ya volti 5 ambayo haikutengenezwa kupokea, na mkono ukiteleza umeunguza diski.

Tulilehemu Jumamosi moja. "Shangazi, shika hicho chuma kama kalamu, si kama mwiko," ndiyo sentensi niliyoisikia zaidi siku ile. Jioni kikawaka. Nikazungusha kitasa, na ile feni ikashuka, ikashuka, mpaka nikaanza kusikia saa ya ukutani ambayo sikuwahi kujua ina sauti. Usiku huo nilirekodi sura mbili nikizitamani kuzisikiliza tena kwa raha tu.

Raha ilidumu siku tisa. Kwanza, LM317 inajilia yenyewe kama volti mbili, kwa hiyo hata kitasa kikiwa mwisho feni haipati 12, inapata 10. Pili, volti zinazozidi haziendi popote, zinageuka joto pale pale. Ukiwa kwenye volti 7 na feni inakula ampea 0.2, hiyo ni wati nzima kwenye kijidude cha ukubwa wa ukucha. Kidole changu cha shahada kinaweza kutoa ushahidi. Ukikitengeneza, kifunge kwenye kipande cha bati. Tatu, feni inayozunguka kwa volti 4 haimaanishi itaanza kwa volti 4. Asubuhi za Julai, unajua baridi ya huku Thika Road, niliwasha kompyuta feni ikagoma, na bodi ikasimama ikinidai nibonyeze F1 kwa kuwa haioni feni. Nikawa naianzisha kwa kuisukuma na penseli kupitia tundu la nyuma, kama mtu anayewasha pikipiki mbovu.

Kilichoniudhi kabisa ni cha nne: kidhibiti cha kuzungusha hakijui joto. Anayejua joto ni wewe. Ukimaliza kurekodi na kuanza kusafirisha faili la saa mbili, yaani kulitoa kwenye Audacity likiwa tayari kwa mteja, lazima ukumbuke kuinua kitasa, na mimi ni mtu wa kusahau sufuria jikoni. Mara mbili nilikuta prosesa iko nyuzi 94, mashine imejipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na kazi ya dakika ishirini imechukua saa nzima.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa Nairobi tunalisahau. Tuko kama mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Feni inasukuma ujazo ule ule, ila ndani ya ujazo huo hewa yenyewe ni kidogo, kwa hiyo joto linalobebwa ni kidogo. Mtu akikuonyesha vipimo vya feni yake alivyovipata kando ya bahari na kukwambia "mimi nimeweka volti 5 na sina shida", mwambie aje navyo Zimmerman mwezi wa pili jua likiwaka.

Hukumu yangu kuhusu kitasa: kitengeneze kama unataka kujifunza kulehemu, au kama feni yako inapoza kitu kisichobadilika joto, mfano feni ya kabati la ruta. Kwa prosesa, hapana. Changu sasa kinapunguza taa ya meza, na hapo kimefurahi.

Cha pili ndicho ninachokitumia. Hesabu yake hii hapa: Arduino Nano ya kunakili, kibodi kidogo cha kompyuta unachokiandikia amri mwenyewe, shilingi 950, kihisi joto cha DS18B20 shilingi 250, feni mpya ya milimita 120 yenye waya nne shilingi 1,150, rezista na waya shilingi 130. Jumla 2,480. Feni mpya nilinunua kwa sababu ya zamani ilikuwa na beringi inayosaga mchanga, na hakuna kidhibiti kinachotibu beringi. Ziko feni za Noctua za Austria, zile za rangi ya maziwa na kahawia, ambazo sifa zake zinatembea dunia nzima. Nilizitazama kwenye kioo cha duka, nikazisalimu, nikaendelea na safari yangu.

Waya nne ni hivi: mweusi ni ardhi, yaani njia ya umeme kurudi, wa njano ni volti 12, wa kijani unatoa habari za kasi, na wa bluu unapokea amri. Huo wa bluu ndio uchawi. Volti 12 zinabaki 12 muda wote, feni haihangaiki kuanza asubuhi, na kasi unaiamuru kwa mapigo ya haraka ya umeme mdogo, yale yanayoitwa PWM. Rangi hizi si sheria. Feni nyingi siku hizi zina waya nyeusi tupu, na mashine za ofisini hujitungia plagi zake. Yangu ilikuwa na plagi isiyofanana na ya feni yoyote ya dukani, ikabidi nikate ile ya feni ya zamani na kuiungia mpya, nikipima waya mmoja mmoja kwa mita. Wa kijani niliurudisha kwenye bodi ili iendelee kuona feni inazunguka na isinidai F1. Wa bluu peke yake ndio nilioupeleka kwenye Nano. Na ardhi ya Nano lazima iungane na ardhi ya kompyuta. Nililisahau hilo usiku wa kwanza, feni ikanguruma kama inataka kupaa, nikalaumu kihisi, nikalaumu muuzaji, nikamlaumu hata mtoto wa kaka yangu kwa simu saa sita usiku. Ilikuwa waya mmoja mweusi.

Kunguruma huko, hata hivyo, ndicho kitu ninachokisifu zaidi kwenye mpango huu wa waya nne. Feni isipopata amri yoyote inazunguka kwa kasi yote. Waya wa bluu ukikatika usiku, hutaamka ukute mashine imeungua, utaamshwa na kelele. Kila ninapowasha kompyuta inafanya hivyo kwa sekunde mbili hivi, Nano ikiwa bado inajikusanya, kisha inashuka. Nimeshaizoea, ni kama mtu kukohoa kabla ya kuongea.

Siku ya pili nikapata adha ambayo mtu asiyerekodi sauti pengine asingeijali. Feni ilishuka vizuri lakini ikaanza kuimba. Filimbi nyembamba, moja, haiyumbi. Nilirekodi sekunde kumi za kimya nikafungua picha ya masafa, nikakuta mstari umesimama kama mlingoti kwenye hatsi 490, yaani mitetemo 490 kwa sekunde. Kwa wanaopiga kinanda, hiyo ni si ya juu ya do ya kati, imeshuka kiduchu. Kumbe Arduino, usipoiambia vingine, inatoa mapigo yake kwa hatsi 490 kwenye pini nyingi, na koili za feni zinayaimba. Kanuni ya Intel ya feni za waya nne inataka kilohatsi 25. Sikio la binadamu linaishia kama kilohatsi 20, na rekodi zangu za sampuli 44,100 kwa sekunde zinaishia 22.05, kwa hiyo hata maiki haina habari. Dawa yake ni kutumia pini ya 9 na kukiambia kipima muda namba 1 cha Nano kihesabu hadi 320 kwenda na kurudi: megahatsi 16, ambao ndio mwendo wa Nano, gawanya kwa 640, unapata kilohatsi 25 kamili. Mistari mitano ya msimbo. Filimbi ikafa papo hapo, na mimi nikapiga kigelegele peke yangu saa saba usiku, jirani akagonga ukuta.

Sasa ile pumzi. Hii ndiyo sehemu niliyoifikiria zaidi kuliko zote, na ndiyo sababu nakipa kifaa hiki alama nyingi.

Bodi ya kompyuta inasoma joto ndani kabisa ya prosesa. Huko joto linaruka. Unafungua ukurasa mmoja wa intaneti, linapanda nyuzi 15 kwa sekunde moja, linashuka sekunde inayofuata. Feni inayofuata joto la namna hiyo lazima ipumue, haina namna nyingine. Mimi kihisi changu nimekibana kwenye mbavu za bamba la kupozea, mbali na prosesa yenyewe. Bamba ni chuma kizito. Halipati habari za kila ukurasa unaofungua. Linapata habari za kazi nzito inayoendelea dakika nzima. Ule uzito ndio unaochuja purukushani, bila msimbo wowote. Mwanzoni nilikiweka huko kwa kukosa pa kukiweka kwingine, na bahati ikanifundisha.

Juu ya hilo niliongeza vitu viwili kwenye msimbo. Feni inaanza kupanda bamba likifika nyuzi 45, lakini hairudi chini mpaka lishuke 40. Zile nyuzi tano katikati ni uwanja wa kutofanya lolote, na bila huo uwanja ingekuwa inapanda na kushuka pale pale kwenye mpaka usiku kucha. Na inapobadilisha kasi, inapiga hatua moja ndogo kila sekunde tatu. Ukikaa karibu nayo huwezi kusema ni saa ngapi ilibadilika. Ndani ya usomaji wa sura moja haibadiliki hata kidogo.

Kihisi nacho kina tabia zake, na hapa nilikaribia kujiunguza. Nilikibana kwa utepe wa kawaida wa plastiki. Joto likalainisha gundi, kihisi kikaning'inia, na waya mmoja ukachomoka. DS18B20 ikikatika, maktaba ya Arduino inakupa namba 127 hasi. Msimbo wangu, kwa utiifu wake wote, ukaona chumba kina baridi ya nyuzi 127 chini ya sifuri na ukaishusha feni hadi mwisho. Nilikuwa katikati ya sura ya kumi na moja, sehemu ya msiba, nimeshaingiza machozi kwenye sauti, kompyuta ikazima kwa joto. Faili halikuhifadhiwa. Yale machozi ya pili niliporudia hayakuwa ya kuigiza.

Sasa msimbo unajua kwamba Nairobi haijawahi kuganda: chochote chini ya sifuri au juu ya 100 ni uongo, zungusha feni kwa nguvu zote. Utepe nimebadilisha kwa waya mwembamba wa shaba uliofungwa kwenye mbavu. Jambo jingine, kihisi hiki kikiwashwa kabla ya kupima hutoa 85 kama jibu la kwanza, kwa hiyo usishtuke, tupa kipimo cha kwanza. Ukivumilia tabia hizo mbili, ni kifaa kizuri kwa bei hiyo, kinakosea nusu nyuzi tu kwenye joto la kazi yetu, na usisahau rezista ya kilo-omu 4.7 kwenye waya wake wa data, bila hiyo hakisemi neno. Nano ya kunakili nayo haijanikosea, ila kompyuta nyingine haziitambui mpaka uzipe dereva ya CH340, programu ndogo ya kuzifahamisha chipu yake ya USB. Yangu ilitambua yenyewe.

Vipimo: simu yangu, iliyowekwa sentimita 30 kutoka kwenye wavu wa nyuma, saa nane usiku. Chumba kitupu, kompyuta imezimwa, desibeli 33. Kabla ya kila kitu, kati ya 44 na 51, ikicheza. Sasa 36, na namba haitikisiki. Simu si mita ya maabara, lakini ni simu ile ile mahali pale pale, kwa hiyo tofauti naiamini hata kama namba zenyewe siziapii. Mizunguko ni kama 640 kwa dakika nikirekodi. Niliihesabu kwa mapigo ya waya wa kijani, mawili kwa kila mzunguko. Nikisafirisha faili inapanda hadi karibu 1,100 na prosesa inasimama nyuzi 81. Feni yenyewe nimeitenganisha na chuma cha kesi ya kompyuta kwa vipande vya tyubu ya baiskeli nilivyokata kwa mkasi. Tyubu alinipa fundi wa baiskeli wa kona, bure, akaniuliza kompyuta imepata pancha.

Nani asijaribu? Mwenye laptopu, kwanza. Feni zake ni ndogo, zimebanwa, na bodi yake haitakusamehe. Mwenye kompyuta ambayo BIOS yake inaruhusu kupanga kasi hana haja, apange hapo aokoe nauli. Na tafadhali, feni iliyo ndani ya pawa saplai iache. Mle ndani kuna volti 240 za stima na kapasita zinazoshikilia umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Yangu ina mvumo wake mdogo ule ule kila siku, Audacity inaumaliza.

Ninachokilalamikia kwenye kifaa changu mwenyewe ni sura yake. Nano imefungwa kwa mpira wa kufungia pesa ndani ya kikasha cha majani ya chai, na waya zinatoka kama mizizi. Mtoto wa kaka yangu anasema nimtafutie kikasha cha maana kabla hajamwonyesha mtu kwamba yeye ndiye mwalimu wangu. Pia kubadilisha kasi kunahitaji kuchomeka USB na kufungua msimbo, hakuna kitasa. Nimefikiria kuirudisha ile voliumu ya shilingi 50 ili iwe inaiambia Nano tu, bila kubeba umeme wa feni. Labda Krismasi.

Mteja wa Mombasa nilimtumia sura ya kumi na moja iliyorudiwa, nikamuuliza yule mtu anayepumua bado yupo. Akajibu, "Ameondoka, lakini saa kumi kasoro kuna jogoo." Ni kweli. Ni wa ploti ya pili, na huyo nimemtazama kila upande, hana waya wa bluu.